Njaa Haichagui Kiongozi



Ijumaa moja ya Kwaresima, baada ya Njia ya Msalaba, kijana mmoja niliyemfundisha katekisimu alinisubiri nje ya kanisa. Alikuwa amepata diploma yake ya serikali miaka mitatu kabla ya hapo, na tangu siku ile karatasi hiyo ilikuwa imelala katika mfuko wa plastiki chini ya godoro. Shamba la kakao la baba yake lilikuwa upande wa Mbau. Tangu jirani yao alipouawa akivuna, hakuna mtu wa nyumba ile aliyethubutu kurudi huko. Aliniuliza bila hasira: «Mwalimu, wako watu wanaowachukua vijana. Wanatoa chakula, wanatoa bunduki, na anayerudi mtaani huogopwa hata na waliomdharau. Ninyi mnatoa nini?»

Nilimjibu upesi kwamba sisi tunatoa Neno la Mungu. Alinishukuru kwa adabu, akaenda zake. Wiki mbili baadaye mama yake alikuja kuniambia kwamba mwanawe ameingia msituni.

Nimefundisha zaidi ya miaka ishirini na mitano, darasani na kanisani, na nimesahihisha majibu mabovu yasiyohesabika. Jibu langu la siku ile lilikuwa mojawapo la hayo. Halikuwa la uongo. Lilikuwa jibu la mtu ambaye hakusikiliza swali. Ndiyo maana naandika leo, nikilirudia swali lile polepole, kama nilivyopaswa kufanya nje ya kanisa.

Mara nyingi tunasikia, redioni na hata katika mikutano yetu, kwamba umaskini unaofuata vita ndio unaowapa nguvu viongozi wenye msimamo mkali. Maneno hayo yana ukweli, lakini ni nusu ya ukweli, na nusu iliyobaki ndiyo inayotuhusu zaidi. Kama njaa peke yake ingetosha, kila nyumba ya Beni, ya Lubero na ya Irumu ingekuwa na mwasi ndani yake. Tunajua kwamba sivyo. Maelfu ya vijana wenye shida ileile wanaendesha pikipiki, wanachoma matofali, wanabeba ndizi hadi soko la Butembo, wala hawajamwua mtu. Basi kati ya njaa na utii kwa mtu mkatili kuna kitu kingine. Ni kitu gani?

Mtoto wa nyumba ya katekista

Tuanze kwa jirani zetu wa Uganda. Tarehe 26 Januari 1986 jeshi la Yoweri Museveni liliuteka mji wa Kampala. Jeshi lililoshindwa lilikuwa na askari wengi wa kabila la Waacholi, ambao walikimbilia kwao kaskazini, Gulu na Kitgum, na bunduki zao na aibu yao. Wazee hawakujua wawapokee vipi watu waliomwaga damu mbali na nyumbani. Washindi walipofika, wengine kati yao walilipiza kisasi. Wakati huohuo wezi wa mifugo waliwanyang'anya Waacholi karibu ng'ombe wao wote. Anayejua maana ya ng'ombe kwa watu wale anaelewa kwamba hawakupoteza nyama na maziwa tu: walipoteza mahari, ada za shule, akiba na heshima ya baba mbele ya wanawe.

Katika hali hiyo alitokea mwanamke kijana, Alice Auma, aliyejulikana kwa jina la Lakwena, yaani mjumbe. Alisema ametumwa na roho. Aliwaambia askari walioshindwa kwamba wanaweza kutakaswa, na kwamba wakipakwa mafuta na kushika miiko risasi hazitawapata. Walimfuata kwa maelfu, wakatembea kuelekea kusini hadi karibu na Jinja, na huko mwishoni mwa mwaka 1987 bunduki zikawamaliza. Alice alikimbilia Kenya, akafia katika kambi ya wakimbizi mwaka 2007.

Nyuma yake alibaki kijana mwingine, Joseph Kony, mzaliwa wa Odek. Hapa naomba msome polepole, maana mimi mwenyewe siwezi kupita hapa haraka. Imeandikwa kwamba baba yake alikuwa katekista wa Kanisa Katoliki, na kwamba Kony mwenyewe alipokuwa mtoto alihudumia altareni. Kijana huyo alisema atawaongoza watu kwa Amri Kumi za Mungu. Kwa jina la amri hizo jeshi lake liliwakata watu midomo na masikio, likawateka zaidi ya watoto elfu ishirini, likawalazimisha baadhi yao kuwaua ndugu zao wenyewe. Kufikia mwaka 2005 zaidi ya watu milioni moja na nusu wa kaskazini mwa Uganda walikuwa wakiishi katika kambi. Kisha moto huo ukavuka mpaka ukaingia kwetu: Krismasi ya 2008 katika Haut-Uele waliuawa mamia, na Desemba 2009 huko Makombo zaidi ya watu 300.

Je, mateso ya Waacholi ndiyo yaliyompa Kony nguvu? Yalimpa mwanzo. Lakini tazameni yaliyofuata. Mwezi wa Juni 1988 kundi kubwa la wapiganaji wa Kiacholi lilifanya mapatano na serikali huko Pece, mjini Gulu, na wengi wao wakarudi nyumbani. Watu wale walikuwa wameonja kushindwa kulekule na umaskini uleule. Hata hivyo walichagua kurudi. Kony aliwapata waliokataa. Na raia walipoonyesha kwamba hawamtaki, aliwageukia hao hao aliodai kuwatetea. Aliiba watoto kwa sababu watu wazima hawakumfuata. Na tangu mwaka 1994 hivi serikali ya Khartoum ilimpa silaha, kwa sababu Kampala nayo ilikuwa ikiwasaidia waasi wa Sudan Kusini. Shida ya watu ilikuwa udongo tu; mbegu ililetwa na mtu, na waliomwagilia maji walikuwa na mahesabu yao.

Mlango uliofunguliwa kutoka ndani

Mfano wa pili ni wa mbali, na wengi wenu mmeukuta katika somo la historia. Ujerumani ilishindwa katika Vita Kuu ya Kwanza mwaka 1918. Mkataba wa Versailles wa 1919 uliinyang'anya nchi hiyo maeneo, ukaitwika lawama ya vita na deni kubwa. Mwaka 1923 pesa yake ilipoteza thamani hata dola moja ya Marekani ikanunuliwa kwa zaidi ya trilioni nne za marki. Mzee aliyeweka akiba maisha yake yote hakuweza kununua mkate. Mwezi wa Novemba mwaka huohuo Adolf Hitler alijaribu kunyakua madaraka kwa nguvu mjini Munich. Alishindwa, akafungwa gerezani. Mnaona? Katika mwaka wa njaa kali kabisa, mlango haukufunguka.

Hali ilipotulia kidogo, chama chake kilikaribia kusahauliwa: katika uchaguzi wa 1928 kilipata asilimia 2.6 tu ya kura. Kisha uchumi wa dunia ukaanguka mwaka 1929. Mwanzoni mwa 1932 Wajerumani milioni sita na zaidi hawakuwa na kazi. Kura za Hitler zikapanda hadi asilimia 18 mwaka 1930, na asilimia 37 mwezi wa Julai 1932. Hapa lazima tukiri kwamba shida ilifanya kazi yake. Mtu asiye na kazi alipewa sare, alipewa wimbo, alipewa bakuli la supu na rafiki wa kuandamana naye. Alipewa pia jina la mtu wa kumlaumu, naye ni Myahudi jirani yake.

Lakini hadithi haiishii hapo. Katika uchaguzi wa Novemba 1932 Hitler alipoteza kura takribani milioni mbili. Alikuwa anashuka. Tarehe 30 Januari 1933 aliitwa na kupewa ukansela na wakubwa waliodhani kwamba watamtumia kisha watamtupa. Mmoja wa waliomfungulia njia, Franz von Papen, alikuwa Mkatoliki. Na tarehe 23 Machi 1933, bunge lilipoombwa kumpa Hitler uwezo wa kutunga sheria peke yake, chama cha Wakatoliki kiitwacho Zentrum kilipiga kura ya ndiyo. Jambo hili lichungeni: katika maeneo yenye Wakatoliki wengi, wananchi wa kawaida walimpa Hitler kura chache kuliko kwingineko. Waumini walikuwa wamekataa. Viongozi wao waliogopa, wakatumaini ahadi, wakainua mikono. Kabla ya kiangazi kwisha chama chao kilikuwa kimekwisha kuvunjwa.

Kwa hiyo mtu mkali hapati madaraka kwa sababu ya wenye njaa peke yao. Humpata pia mwenye shibe anayetaka kumtumia, na mtu mwema anayenyamaza ili asipoteze kiti chake. Ninyi vijana mkiambiwa kwamba «maskini ndio hatari», kumbukeni ni nani aliyeufungua mlango wa Berlin.

Jiwe na kura

Sasa turudi kwetu. Kundi linaloua watu wetu tangu Oktoba 2014, ADF, lilizaliwa mwaka 1995 kwa njia tunayoweza kuitambua sasa. Kulikuwa na mabaki ya waasi walioshindwa katika milima ya Ruwenzori, watu wenye silaha wasio na kwao. Kulikuwa na kikundi cha waumini wenye hasira baada ya ugomvi wa misikiti ya Kampala, wakiongozwa na mhubiri Jamil Mukulu. Na kulikuwa na serikali za nje zilizoona faida kuwasaidia. Mabaki ya vita, mahubiri ya chuki, msaada wa mwenye mahesabu yake: vitu vilevile vitatu. Mukulu alikamatwa Tanzania mwaka 2015. Nafasi yake imeshikwa na Musa Baluku, aliyejiunga na wale wanaojiita Dola la Kiislamu. Wachunguzi wa Umoja wa Mataifa wameeleza mara nyingi jinsi vijana wanavyovutwa kwa ahadi za kazi na za masomo, na kuona ukweli wakiwa tayari wamefika porini. Mkoba wa anayewinda vijana haubebi Kurani wala Biblia kwanza. Hubeba ahadi ya kazi.

Nasema haya nikiwaomba msiwageuzie mgongo jirani zetu Waislamu. Mwezi wa Mei 2021 maimamu wawili waliuawa katika eneo la Beni, mmoja akiwa ndani ya msikiti mjini Beni, na alijulikana kwa kuipinga itikadi hiyo. Walikufa kwa ajili ya jambo lilelile ambalo sisi tunalipigania.

Lakini kuwatazama ADF peke yao ni rahisi mno, kwa maana hao hawako ndani ya vikundi vyetu. Nataka tujitazame sisi. Mnakumbuka mwaka 2018. Tarehe 1 Agosti ilitangazwa kwamba Ebola imeingia kwetu, katika watu waliokuwa wakizikwa kwa panga miaka minne tayari. Wageni wakaja na magari mengi, na watu wakauliza kwa uchungu: tulipokuwa tukichinjwa, magari haya yalikuwa wapi? Swali lile lilikuwa la haki. Lakini wakatokea watu walioligeuza swali kuwa hadithi: kwamba ugonjwa haupo, kwamba umeletwa ili tumalizwe, kwamba ni biashara. Kisha tarehe 26 Desemba 2018 tukaambiwa kwamba Beni na Butembo hazitapiga kura ya rais pamoja na wenzetu. Zitangoje hadi Machi. Siku iliyofuata, mjini Beni, waandamanaji walishambulia kituo cha wagonjwa. Mwezi wa Februari 2019 vituo vya Katwa na Butembo vikachomwa. Tarehe 19 Aprili daktari mmoja kutoka Kameruni, aliyekuja kututibu, akapigwa risasi mjini Butembo. Ugonjwa ulipotangazwa kwisha, tarehe 25 Juni 2020, ulikuwa umeua zaidi ya watu 2,200. Kalunguta yetu ilikuwa miongoni mwa kanda za afya zilizoguswa. Hakuna aliyetuambia hadithi ile akiwa na upanga mkononi. Tuliambiwa na watu tuliowajua, kwenye vibaraza vyetu, na baadhi yetu tuliipitisha kwa simu.

Hata hivyo, tarehe 30 Desemba 2018, siku ambayo Kongo nzima ilipiga kura, kulitokea jambo lingine mjini Beni. Watu waliokatazwa kupiga kura walijipanga foleni wenyewe, wakatengeneza karatasi za kura na masanduku, wakapiga kura ambayo hakuna mtu angeihesabu Kinshasa. Walitaka ionekane kwamba wao ni raia. Fikirini vizuri: mji uleule, wiki ileile, fedheha ileile. Mmoja aliokota jiwe, mwingine aliingia kwenye foleni. Shida haikuwachagulia.

Majaribu matatu

Nikiwa katekista, siwezi kuisoma historia hii bila kukumbuka habari ya Bwana wetu jangwani. Mwinjili anatuambia kwamba mjaribu alimjia Yesu alipokuwa na njaa baada ya siku arobaini. Alijua saa ya kuja. Na vitu alivyomtolea ni vilevile anavyotolewa kijana wa Beni leo. Kwanza mkate. Pili kinga: ajirushe chini naye hatadhurika, kama vile wanavyoambiwa vijana wetu kwamba wakinyunyiziwa maji na kushika miiko risasi zitageuka. Maji hayo ni ya zamani. Wapiganaji wa Simba wa mwaka 1964 waliyaamini pia, na kwa jeshi lao aliuawa Mwenye Heri Anuarite, ambaye watoto wetu wa Kizito-Anuarite wanaitwa kwa jina lake. Tatu enzi: falme zote, kwa sharti moja la kupiga magoti.

Tena mjaribu alitumia Maandiko Matakatifu. Aliyajua kwa moyo. Hapo ndipo mimi, mwalimu wa katekisimu, ninapoguswa. Kwa miaka mingi nimewapima watoto kwa kukariri. Anayejibu haraka bila kukosea neno, huyo amefaulu. Anayeuliza swali, huyo anachelewesha darasa. Nimewazoeza watoto kushika maneno ya mkubwa na kutouliza. Kisha mtoto huyo anakutana na mkubwa mwingine mwenye miiko mingine ya kukariri, naye anaishika vilevile, kwa bidii ileile niliyomsifia. Kony alizijua Amri Kumi. Sijui kama aliwahi kuulizwa na mwalimu wake kwa nini Mungu amekataza kuua, na kama aliruhusiwa kujibu kwa maneno yake mwenyewe. Najua tu kwamba mimi sikumwuliza yule kijana wangu.

Waliojibu kwa njia nyingine

Siwatakii mwondoke na huzuni tu, maana katika historia zilezile wamo watu waliojibu vema. Mwezi wa Oktoba 1996 watu wa Kony waliwateka wasichana 139 usiku mmoja katika shule ya Mtakatifu Maria ya Aboke. Sista Rachele Fassera, aliyekuwa makamu wa mkuu wa shule hiyo, aliwafuata porini kwa miguu akiwa na mwalimu mmoja mwanamume, akamsihi kamanda, akarudi na wasichana 109. Thelathini walibaki, naye pamoja na wazazi wao waliendelea kuwadai kwa miaka mingi. Mwaka 2003 watoto wa vijijini walipokuwa wakikimbilia mjini Gulu kila jioni wasitekwe, Askofu Mkuu John Baptist Odama alikwenda kulala barabarani pamoja nao.

Na sisi tulikuwa na Emmanuel Kataliko, askofu wetu wa Beni-Butembo tangu 1966 hadi 1997. Aliposhika jimbo hili hakutupatia adui wa kumchukia. Alitupatia kazi za kufanya, barabara, hospitali, shule, na mwaka 1989 Chuo Kikuu cha Graben. Alipokuwa Askofu Mkuu wa Bukavu, wakati wa vita, aliandika ujumbe wa Krismasi ya 1999 akilaumu wageni walioinyonya nchi, lakini pia Wakongo waliokuwa wakiwasaidia. Kiongozi mwenye chuki angetaja wageni tu. Kwa ujumbe huo waasi walimzuia kurudi Bukavu mwezi wa Februari 2000, wakamwacha Butembo kama mfungwa wa nyumbani kwake. Alirudi jimboni kwake mwezi wa Septemba, akafariki Italia tarehe 4 Oktoba mwaka huo. Alisema ukweli mchungu kwa watu wake waliokuwa wakiteseka, na hakuwaambia kwamba mateso yao yanawapa ruhusa ya kuua. Hicho ndicho kipimo ninachowapeni cha kumpimia kiongozi yeyote, awe wa siasa, wa dini, au wa kundi la kujilinda: je, anathubutu kutukosoa sisi wenyewe? Anayetuambia kila siku kwamba sisi hatuna kosa lolote na kwamba ubaya wote uko upande wa pili wa mto, huyo ametuandalia bunduki.

Jibu nililopaswa kutoa

Wengine watasema: mwalimu, maneno haya ni mazuri, lakini serikali ndiyo yenye wajibu. Ni kweli. Usalama wa barabara ya Beni, mishahara ya walimu, masoko ya kakao na kahawa, mpango wa kuwapokea waliotoka porini: mambo hayo ni ya dola, na hatuna haki ya kuacha kuyadai. Tangu Mei 2021 tunaishi chini ya utawala wa kijeshi wa dharura, na bado tunazika. Lakini yule anayewachukua vijana hangoji serikali. Anafika leo jioni. Na sisi tusingoje.

Nimefikiri juu ya mambo machache yaliyo katika uwezo wa kikundi kidogo. La kwanza, tujuane kwa majina na kwa hali. Kijana akikosekana mara mbili katika mkutano, waende wawili nyumbani kwao kabla ya Jumapili ya tatu. Yule wangu alikuwa amekosekana mara tano. Nilidhani amekwenda Butembo kutafuta kazi, wala sikumwuliza mtu. La pili, kila kikundi kiwe na likelemba yake, hata ya faranga mia tano kwa wiki, na zamu ya kwanza apewe aliyepoteza shamba, si aliyetoa zaidi. Fedha hiyo haitamtajirisha mtu, lakini atajua kwamba lipo kundi linalomhesabu. La tatu, katika kila mkutano liwepo swali moja ambalo kiongozi hana jibu lake, nalo lijadiliwe bila mtu kuchekwa. La nne ndilo gumu: anayerudi kutoka msituni apewe nafasi ya kukaa kati yetu. Waliouawa wana haki yao, na mahakama zina kazi yake. Hatuwezi kuwasamehe watu kwa niaba ya wajane. Lakini askari wa Kiacholi waliorudi mwaka 1986 hawakujua pa kuketi, na aliyewapa pa kuketi kwanza alikuwa mtu wa mafuta na risasi.

Mama wa kijana wangu huja misa ya kwanza kila Jumapili. Hatujasikia habari. Nikikutana naye tena, sitaanza na Neno la Mungu kama ngao ya kujifichia. Nitamwambia: ulituuliza tunatoa nini. Tunatoa kidogo. Hatuna bunduki, na chakula chetu hakitoshi. Tunao watu watakaokuja kwenu ukikosekana, na watakaokuambia ukweli ukikosea. Kisha nitamwomba anieleze alichokuwa anakitafuta, na safari hii nitasikiliza hadi amalize.

Katika mkutano wenu ujao, naomba mjadili jambo moja tu: ni nani ambaye hajaonekana tangu mwezi uliopita, na ni wawili gani watakaokwenda kwao?